Naomba ushauri: nimhamishie mama Dar es Salaam msimu huu wa vuli, au nimwache Upareni na mifugo yake?

MtotoWaMlimani

Wanajukwaa, habari zenu, na wakubwa wangu wote shikamooni.

Kila msimu unapogeuka, mdogo wangu wa kike anayeishi na mama hutupigia simu sisi tulio mbali na kutupa habari za nyumbani: mvua zilivyoanza, mahindi yamefikia wapi, bati lipi linavuja, nani amejifungua na nani amefariki, na kuku waliosalimika na mwewe. Kwetu ni Mamba Miamba, wilaya ya Same. Safari hii vuli imeanza vizuri, ndiva (bwawa letu la kumwagilia) imejaa, mahindi na maharage yameota na palizi imeshaanza, lakini mimi usingizi umenipaa. Mama ameshavuka miaka 70 na bado anashika jembe kila asubuhi, paa la upande wa jikoni linavuja, na barabara ya kuteremka mlima huwa ya taabu mvua zikishakolea. Anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa pamoja na mtamba wake (jike aliyekua ambaye hajazaa bado), mbuzi wachache, na mbwa mmoja aliyebaki.

Ninafikiria kuuza mifugo yote na kumleta mama Mbagala ninakoishi na familia yangu. Mdogo wangu anapinga. Naomba ushauri wenu: je, ni busara kumhamisha mzazi wa umri huo, na mifugo niiuze vipi nisipate hasara kubwa, kwa kuwa ningependa jambo hili liishe wiki hii?

Fundi Paa

Ndugu, anza na paa. Nimeezeka nyumba nyingi za milimani, na mara nyingi bati linalovuja upande wa jikoni si bovu, bali moshi umekula misumari na matundu yake yamepanuka. Toa misumari ya zamani, weka mipya yenye mpira, na uwe mwangalifu na mbao za kenchi, kwa sababu mbao iliyonyonya maji misimu miwili haishiki msumari hata ukiupigilia kwa nguvu zote. Kama unanunua bati jipya, chukua geji 28 ambalo ni nene zaidi, usidanganyike na geji 30 kwa sababu ya bei. Paa likishatengenezwa, huenda hata hutakuwa na sababu ya kumhamisha mama.

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, mimi nilimleta mama yangu mjini kutoka Lushoto nikiamini kwamba ninamtendea wema. Hakukosa chakula, hakukosa dawa, lakini kila asubuhi aliamka kabla ya adhana, akajifunga kanga yake, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akisubiri kukuche ili aende shambani, na shamba halikuwepo. Aliniuliza habari za kuku wake hadi nikaanza kumjibu uongo. Mwishowe nilimrudisha mwenyewe, akaishi miaka mingi akiwa na afya kuliko nilivyomjua mjini. Wazee wengine hawaugui umri, wanaugua kukosa kazi ya mikono. Mdogo wako yuko naye na anamwona kila siku, kwa hiyo msikilize.

Mzee wa Baraza

Vijana wa siku hizi mna haraka ya kuuza. Ng'ombe wa mama si mali yako hata uipangie wiki. Je, mwenyewe umemuuliza? Makaburi ya wazee wenu yako pale, na mama aliyezoea kuitwa kwenye misiba na harusi za kijiji hawezi kugeuzwa mlinzi wa nyumba ya kupanga. Mtoto mwenye adabu hurudi nyumbani kumtunza mzazi, hamng'oi mzazi alipo kwa sababu kazi ya kumfuata ni ngumu.

Mtani wa Rombo

Mimi ni mtani wenu kutoka upande wa Kilimanjaro, na kwa mara ya kwanza nimemwona Mpare ana haraka ya kuachia mali. Mkishindwa kumuuza huyo mtamba, mchinjeni mtuite sisi watani, tutakuja na ndizi zetu wenyewe.

MgangaWaMifugo

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya mifugo vijijini kwa muda mrefu, na maneno mawili katika maelezo yako yamenisimamisha. Umeandika «mbwa mmoja aliyebaki», kisha ukasema jambo hili liishe «wiki hii». Mvua za vuli hazimlazimishi mtu kuuza ng'ombe ndani ya wiki moja. Yule mbwa mwingine yuko wapi? Na mifugo iliyopo ni mizima?

MtotoWaMlimani

Asanteni wote. Mzee wangu, mama nimemuuliza na hajakataa, amenyamaza tu. Kuhusu mbwa, mwingine alikufa mwishoni mwa kiangazi na sioni kama hilo linaingia katika swali langu. Mifugo ni mizima isipokuwa mtamba, ambaye hali yake si nzuri, na ndiyo maana nataka atoke mapema kabla thamani yake haijashuka. Nimeshazungumza na mchinjaji mmoja atakayekuja Ijumaa.

MgangaWaMifugo

Alikufaje? Na mtamba ana dalili gani? Tafadhali jibu maswali haya mawili kabla ya jambo lingine lolote.

MtotoWaMlimani

Nitaeleza, ingawa naona tunatoka nje ya mada. Mbwa wetu mkubwa alipotea siku kadhaa, na aliporudi alikuwa amebadilika: alikuwa akitafuna mti wa boma, hamtambui hata mama aliyemlea, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. Aliingia bomani akamng'ata mtamba mguu wa nyuma, vijana wa jirani wakamuua na kumzika. Kidonda cha mtamba kilipona, tukasahau. Wiki iliyopita mtamba aliacha kula, akaanza kudondokwa mate mfululizo na kulia kwa sauti nzito bila kunyamaza. Mama alidhani amekwamwa na kiazi kooni, akaingiza mkono kinywani akatafuta hadi nyuma ya ulimi, hakukuta kitu.

Naomba tusilikuze jambo hili. Mama hakung'atwa na mbwa wala na ng'ombe. Nyama ikipikwa vizuri moto huua kila kitu, na fedha hiyo ndiyo nauli yake na ya kutengenezea paa. Ndiyo maana nilikuwa nauliza habari za kuhama.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, nisome taratibu. Mikono ya mama iko katika hali gani? Mtu anayeshika jembe la palizi kila siku ana malengelenge yaliyopasuka, ana mikwaruzo, ana ngozi iliyochanika kandokando ya kucha. Kichaa cha mbwa hakihitaji jino. Virusi vimo ndani ya mate, na mate yakiingia kwenye kidonda kibichi, au kwenye macho na mdomo, yanatosha.

Mama aoshe mikono yake sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama siku zimepita, kisha ateremke hospitali akaanze chanjo. Kwa binadamu ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza kati ya mwezi 1 na miezi 3 tangu mtu aambukizwe, wakati mwingine mapema zaidi, wakati mwingine baadaye sana, na muda huo kabla ya dalili ndio nafasi pekee ya kuuzuia. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Nimemuuguza mtoto aliyefikia hapo, akiomba maji na kuyaogopa maji hayohayo, na sitamani kuona tena.

MgangaWaMifugo

Ninaunga mkono kila neno. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa huonekana kama aliyekwamwa na kitu, kwa sababu misuli ya koo imepooza na hawezi kumeza hata mate yake, na wafugaji hujiweka hatarini kwa kutia mkono kumsaidia. Kuumwa na mbwa wa namna hiyo, kisha dalili kuonekana baada ya wiki kadhaa, ndivyo ugonjwa unavyokwenda kwa ng'ombe.

Mchinjaji asije. Anayechinja na kuchuna hugusa mate, ubongo na uti wa mgongo kwa mikono iliyo mitupu na kisu mkononi, hivyo hoja ya moto wa jikoni haimsaidii yeye. Mpigie ofisa mifugo wa kata leo. Mtamba atengwe, asipewe kitu kwa mkono, na akifa asichunwe.

Mtani wa Rombo

Ndugu yangu, nafuta utani wangu wa nyama. Mpeleke mama hospitali.

HakikiKwanza

Samahani wanajukwaa, mimi nina mashaka. Mleta mada amejiunga wiki hii. Kwanza ilikuwa paa, halafu mbwa aliyebaki, halafu mbwa aliyekufa, halafu mtamba, halafu mkono kinywani. Kila akiulizwa linazaliwa tukio kubwa zaidi. Mtu ambaye mama yake yuko katika hatari hiyo hawezi kukaa anauliza bei ya mifugo. Mimi pia ni wa Upareni. Kama kweli anatoka Miamba, atueleze ndiva huendeshwa vipi, na atueleze kwa nini hajasema neno juu ya maziwa, wakati mtu wa kijijini angeanza na maziwa.

Fundi Paa

Hata mimi nilishangaa kwamba hakunijibu suala la geji.

Shangazi wa Tanga

Jamani, kijana ana hofu. Mwenye hofu huanza kusimulia pale panapouma kidogo.

MtotoWaMlimani

HakikiKwanza, ndiva hufungwa jioni maji yajae usiku, hufunguliwa asubuhi, na watu hupokezana kwa zamu hadi mfereji wa mwisho. Asiyejitokeza siku ya kuizibua na kuondoa matope huulizwa mbele ya watu. Maziwa sikuyataja kwa sababu mtamba hajazaa bado, anayekamuliwa ni mama yake, na kwetu maziwa huchemshwa. Nilijiunga wiki hii kwa sababu nyumbani sina wa kumuuliza: kaka zangu wanasema mama ni mzima na anakula makande kama kawaida. Sikutaka kumtisha, na hospitali ni mbali, na chanjo ni gharama. Nilidhani nikimleta mjini kwa kisingizio cha mvua, ningempeleka kwa daktari huku huku bila yeye kujua.

HakikiKwanza

Habari za ndiva umezisema sawasawa. Lakini kama mpango ulikuwa daktari, kwa nini mchinjaji anakuja kwanza?

Muuguzi Mstaafu

Tafadhali, hilo ataulizwa baadaye. Mwanangu, usisubiri basi la kumleta Dar es Salaam. Chanjo haitolewi mara moja tu: hutolewa siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3, kisha siku ya 7, na kuendelea kadiri daktari atakavyoelekeza, na huenda akahitaji pia sindano ya kingamwili. Mwambie mama ukweli. Mtu mzima aliyelea watoto na ng'ombe maisha yake yote hatishwi na habari ya sindano. Kama zahanati ya karibu haina chanjo, wasirudi nyumbani kusubiri iletwe. Waulize kwa simu hospitali ipi inayo, waende moja kwa moja.

Na swali moja zaidi. Mtu mmoja hawezi kumpanua ng'ombe kinywa na kutia mkono hadi nyuma ya ulimi. Nani alikuwa ameshika kichwa?

MtotoWaMlimani

Mdogo wangu.

Muuguzi Mstaafu

Basi wanateremka wawili. Na aliyemnywesha mtamba dawa ya kienyeji, kama yupo, awe wa tatu.

Mzee wa Baraza

Mwanangu, nilikukaripia kuhusu kuuza. Sasa nakuambia jambo jingine: usikae ukingoja ruhusa ya kaka zako. Piga simu usiku huu huu, tuma nauli, na ongea na mtendaji wa kijiji ili mchinjaji asije akaja kwa mlango wa nyuma.

MtotoWaMlimani

Naleta mrejesho. Nilimpigia mama nikamweleza kila kitu. Alinyamaza, kisha akauliza nani atamkamua ng'ombe. Jirani amekubali. Waliteremka alfajiri mvua ikinyesha, zahanati hawakuwa na chanjo, wakaendelea hadi Same mjini na kuipata. Mama na mdogo wangu wote wawili wamechomwa sindano ya kwanza na wamepewa kadi zenye tarehe za kurudi, kwa hiyo watalala kwa binamu yetu hapo mjini hadi wamalize zile za karibu. Daktari alimkuta mama na malengelenge mawili yaliyopasuka katika kiganja cha kulia. Mtu wa tatu hakuwepo.

Mtamba amekufa usiku wa kuamkia leo. Ofisa mifugo alifika, amechukua sampuli na kusimamia shimo refu. Mchinjaji nimemkatalia. Habari ya kuhama tumeiweka kando hadi msimu huu uishe. Fundi, bati nitachukua geji 28.

Bado nina swali kwa MgangaWaMifugo. Mbwa aliyebaki ni mdogo, hajawahi kuchanjwa, na mama ameniambia nisithubutu kuagiza auawe. Na yule ng'ombe wa maziwa aliyekuwa boma moja na mtamba?

MgangaWaMifugo

Asante kwa kutuletea habari. Ng'ombe wa maziwa aangaliwe kwa miezi mitatu hivi. Kukaa boma moja si kung'atwa, lakini akibadilika ulaji au sauti, asiguswe kinywa. Maziwa yaendelee kuchemshwa.

Mbwa ni jambo gumu, na sitaki kulilainisha. Kama kuna aliyemwona akipigana na yule mkubwa au akilamba mate yake, taratibu za kazi yetu zinaelekeza auawe, au afungiwe mahali pasipo na mtu wala mnyama kwa miezi kadhaa, na nyumba chache za kijijini huweza hilo la pili. Kama hakuna kukutana kokote, ofisa mifugo amchanje sasa na arudie kila mwaka, na achanje pia mbwa wa majirani wote wa mtaa huo, kwa sababu yule mkubwa alipotea siku kadhaa na hatujui alipita kwa nani. Muulize jirani, maana vijana wake ndio waliokuwepo siku ile.

MtotoWaMlimani

Nampigia sasa.