Safari ya meli kwa bajeti ndogo na bila haraka: nianzie wapi?

Nyota ya Asubuhi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa waliowahi kusafiri na meli za kitalii, zile unazolala humohumo na kuamkia bandari nyingine.

Mama yangu amevuka miaka sabini. Akili yake iko timamu na ana hamu kubwa ya kuona dunia, ila magoti yanamsumbua. Aliwahi kwenda ziara ya basi na kikundi cha wastaafu wenzake. Masanduku yalikuwa yanafungwa alfajiri, usiku wanalala hoteli nyingine, na kesho yake hivyohivyo. Aliporudi nilimuuliza amependa nini, akaniambia alipenda kiti cha dirishani. Hiyo nimeiweka moyoni. Safari hii nataka twende wote wawili, na tuende taratibu.

Tunao muda wa kutosha na tarehe hazitubani, lakini fedha ni ya kuhesabu. Je, safari za meli ni za wenye nazo tu? Chumba kisicho na dirisha kinavumilika? Halafu zile siku ambazo meli iko katikati ya bahari tu, watu wanafanya nini kutwa nzima?

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, hapo uliposema tarehe haziwabani ndipo nafuu yote ilipo.

Maisha yangu ya kazi yaliishia wodini, zamu za usiku kwa sehemu kubwa. Nilipostaafu nilitaka safari ambayo hakuna mtu wa kuniamsha. Mimi na mzee wangu tuliangukia safari za kuhamisha meli, na mpaka leo sioni kwa nini nitafute nyingine.

Iko hivi. Meli za kitalii hufuata majira. Kaskazini kukiwa na joto zinajazana Mediterania, Alaska na kwenye pwani za Norwei. Baridi ikikaribia, nyingi huhamia Karibi. Kwa hiyo kila mwaka, Aprili hadi Mei na tena Oktoba hadi Novemba, kampuni inabaki na meli nzima ambayo lazima ivuke Atlantiki, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta yatachomwa na mabaharia watalipwa. Mwenye likizo ya wiki moja hawezi kuipanda, mwenye watoto shuleni hawezi, basi vyumba vinauzwa kwa bei ya kuvutia wenye nafasi. Chukua nauli uigawanye kwa idadi ya usiku, kisha ulinganishe na wiki ya kawaida kwenye meli hiyohiyo wakati wa msimu. Utashangaa. Na ndani ya nauli hiyo kuna kitanda, milo ya ukumbi mkuu, burudani za jioni, na bado umefikishwa bara jingine.

Kwa mama yako ningechagua ile ya Oktoba au Novemba, ya kutoka Ulaya kwenda magharibi, kwa sababu ya saa. Meli ikielekea magharibi, saa zinarudishwa nyuma kidogokidogo njiani, hivyo siku kadhaa unapata saa 25. Unalala saa ya ziada, unaamka, na mwili umeshazoea kabla hujafika. Ile ya Aprili inayokwenda mashariki inakunyang'anya saa hizohizo, na mtu mzima anahisi. Tena njia ya kusini inayopitia Visiwa vya Kanari, vya Hispania karibu na pwani ya Afrika, ina joto, na mara nyingi upepo unatoka nyuma ya meli. Ndiyo njia aliyoifuata Columbus mwaka 1492. Kutoka Kanari hadi kuona nchi kavu alitumia kama wiki tano. Meli za sasa zinatumia siku sita au saba.

Sasa hizo siku sita unazoziulizia ndizo mimi ninazozilipia. Asubuhi kabla watu hawajaamka natembea sitaha ya matembezi, ile sakafu ya nje inayozunguka meli, mzunguko baada ya mzunguko, kwa mwendo wangu. Saa nne kuna mhadhara, mara nyingi wa nyota, historia ya bahari au viumbe wake. Mchana nasoma. Mzee wangu ana wenzake wa karata ambao siku ya pili tu wanajuana kama ndugu. Hakuna bandari ya kuikimbilia, hakuna basi linalosubiri, hakuna kitu kizuri ambacho kinakupita kwa kuwa umelala. Watu hutuuliza tunaona nini huko. Tunaona maji, na maji hayafanani siku mbili mfululizo. Karibu na joto la Karibi samaki warukao wanachomoka ubavuni mwa meli, makundi kwa makundi, na utaona wazee wazima wameegemea ukingo wakionyeshana kwa vidole.

Chumba cha ndani kisicho na dirisha kinavumilika, na kwa usingizi ni bora kuliko vyote. Giza lake ni totoro, kwa hiyo beba taa ndogo ya usiku ili mama asijikwae akienda msalani. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha picha ya moja kwa moja kutoka omo, yaani mbele ya meli. Iache imewashwa bila sauti, mtajua kumekucha. Kuta zake huwa za chuma, basi vindoano vya sumaku vinasaidia kutundika vitu maana nafasi ni finyu. Kuna nauli ya chini zaidi ambapo unaiachia kampuni ikuchagulie chumba. Mimi naipenda, lakini nyinyi msiichukue. Lipeni tofauti kidogo mchague wenyewe: katikati ya meli, sitaha ya chini, karibu na lifti. Meli hizi ni ndefu, zinaweza kuzidi mita 300, na kutoka chumba cha tezi, yaani nyuma kabisa, hadi ukumbi wa chakula ni mwendo wa kuumiza magoti.

Vya kulipia nje ya nauli ni bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi huiweka kwenye bili kwa kila mtu kwa kila siku, pamoja na vinywaji, intaneti, kufuliwa nguo na matembezi yanayopangwa na meli. Vyote hivyo, isipokuwa bakshishi, mnaweza kuishi bila kuvigusa. Visivyopunguzwa ni viwili. Kwanza bima ya matibabu inayogharamia kutolewa melini kwenda hospitali, kwa sababu zahanati ya meli hutoza na bili yake si ndogo. Pili, tiketi ya ndege ya kurudi. Safari ya kuhamisha meli inakuacha mbali na ulikoanzia, na tiketi ya upande mmoja wakati mwingine huimeza nafuu yote. Itafute bei yake kabla ya kulipa hata amana.

Abiria wa Sitaha

Mama Muuguzi kamaliza upande wa meli kubwa. Mimi nauliza, lazima iwe meli ya kitalii? Zipo meli za kawaida za wenyeji ambazo ni safari nzuri ya pole kuliko hizo zenye mabwawa na taa.

Mfano ni Hurtigruten ya Norwei. Tangu 1893 meli zinapanda na kushuka pwani ya nchi hiyo, na leo zinakwenda kati ya Bergen na Kirkenes zikigusa bandari 34, zikibeba mizigo na watu wa vijijini pamoja na watalii. Kwenda na kurudi ni siku 12, lakini si lazima umalize; unakata tiketi ya bandari mbili tatu, unashuka Tromsø, unakaa, unapanda inayofuata. Nimeipanda majira ya baridi. Meli inatia gati saa nane za usiku kwenye mji wenye taa chache, wanashusha shehena yao, na ndani ya dakika kumi na tano tumeondoka. Nilikaa dirishani sikutaka kulala. Majira hayo nauli hushuka na usiku ni mrefu, kwa hiyo nafasi ya kuona mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayocheza angani, ni kubwa. Ila chakula cha Norwei ni ghali, hilo lihesabuni.

Alaska nako serikali ya jimbo ina mtandao wake wa feri, ulioanza 1963. Unaondokea Bellingham katika jimbo la Washington na kupita kati ya visiwa vilevile ambavyo meli za kitalii zinapita. Wasiotaka kulipia chumba wanalala sitahani, wengine wanasimamisha hema dogo na kulibana sakafuni kwa utepe wa gundi. Kwa mama mwenye magoti sishauri hema, chukueni chumba.

Na kama mnataka kuonja kwanza kabla ya kujifunga wiki mbili, pandeni feri ya usiku mmoja. Stockholm hadi Helsinki inapita katikati ya maelfu ya visiwa vidogo. Jioni wakati wa kiangazi jua halizami upesi na visiwa vinapita karibu mno. Au kule Ugiriki, Piraeus hadi kisiwa cha Krete. Usiku mmoja tu utawaambia kama bahari inawafaa.

Peke Yangu

Nachangia kwa ufupi kuhusu viza, kwa sababu ndiyo inayoamua bei kuliko watu wanavyodhani.

Mtasoma kwamba ukisubiri dakika za mwisho, baada ya wengine kumaliza kulipa, vyumba vilivyobaki hushushwa bei. Ni kweli, lakini ofa hizo zinamfaa mwenye pasipoti isiyohitaji viza. Anayehitaji viza hana dakika ya mwisho. Ninachofanya mimi ni kutafuta nafuu kwenye tarehe na aina ya chumba, na kukata mapema kwa amana inayorudishwa.

Safari ikianzia Barcelona na kuishia Miami, mnahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, na viza ya Marekani pia. Ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kama njiani meli inagusa Casablanca, Morocco, kabla ya Kanari ambayo ni Hispania, kwa sababu mtakuwa mmetoka na kuingia tena. Soma ratiba bandari kwa bandari, usisome tu mwanzo na mwisho. Karatasi ikikosekana mnazuiwa gatini na nauli hairudi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele kuanzia siku ya kumaliza safari. Cheti cha homa ya manjano kibebeni kama mna chanjo. Tangu 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote.

Kwa wanaosafiri peke yao kama mimi: nauli hupangwa kwa watu wawili chumbani, na aliye mmoja anaweza kutozwa karibu mara mbili. Meli ya kitalii Norwegian Epic ilipoanza kazi 2010 ilikuja na vyumba vidogo vya mtu mmoja, na kampuni nyingine zikafuata, lakini vinaisha haraka. Nyinyi mko wawili, mmepona.

Nyota ya Asubuhi

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Mama Muuguzi, shikamoo. Nimemsomea mama ile habari ya saa 25, akasema hiyo hiyo.

Nimebakiwa na mawili. Kichefuchefu, maana gari tu humsumbua. Na bandari: zipi mtu wa magoti anashuka bila mateso?

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Msalimie mama.

Nianze na bandari. Kwenye ratiba tafuta kama meli inatia gati au inatia nanga nje. Ikitia nanga nje, abiria wanashushwa kwa mashua ndogo, na mashua hiyo inapanda na kushuka na wimbi wakati unakanyaga. Santorini ya Ugiriki ni hivyo, na ukifika chini ya jabali bado kuna ngazi mamia au foleni ya gari la kamba. Mama abaki melini siku hiyo aitazame kutoka huko. Ukiwa sitahani jabali lote liko mbele yako. Linganisha na Cádiz ya Hispania, ambako unatoka gatini unavuka barabara uko mji wa kale. Ponta Delgada kwenye Azores, visiwa vya Ureno katika Atlantiki, ni vilevile. Valletta ya Malta iko juu ya ngome, lakini kuna lifti inayokupandisha hadi bustani ya Upper Barrakka, na pale kuna viti na bandari nzima chini yako. Jihadhari na bandari zinazobeba jina la mji ulio mbali. Inayoandikwa Roma ni Civitavecchia, treni ya kama saa nzima. Inayoandikwa Paris ni Le Havre, zaidi ya saa mbili. Huko ndiko watu wanakokimbizwa. Mimi nashuka, natembea mji wa bandari wenyewe, nakunywa kitu, narudi mapema. Meli haimsubiri aliyechelewa kwa matembezi yake mwenyewe, na fuateni saa ya meli, kwa sababu simu inaweza kujibadilisha ikifuata saa ya mji.

Kichefuchefu. Meli kubwa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba, na chumba cha katikati chini ndicho kinachotikisika kidogo zaidi. Akianza kujisikia vibaya apande juu kwenye hewa na atazame upeo wa macho, asisome. Tangawizi inawasaidia wengi. Dawa zipo, lakini nyingi zinaleta usingizi na baadhi hazimfai mwenye glakoma (presha ya macho) au hazipatani na dawa nyingine anazomeza, kwa hiyo aongee na daktari wake kabla ya safari na ameze kabla bahari haijachafuka. Epukeni Ghuba ya Biscay, magharibi mwa Ufaransa, miezi ya baridi. Anzeni safari kusini yake.

Na hili nalisema kama muuguzi: naweni mikono kwa sabuni na maji kabla ya kila mlo. Ile jeli ya mlangoni haikiwezi vizuri kirusi cha noro, kile cha kutapika na kuharisha, na ndicho kinachowalaza watu melini. Mfundishe mama kufungua mlango wa msalani kwa karatasi.

Mkipata meli mnayoipenda, weka hapa jina lake na namba ya chumba kabla hujalipa. Nitaangalia mchoro wa sitaha nikuambie kama juu yake kuna ukumbi wa muziki.