Naomba ushauri: programu ya kukokotoa dozi inapishana na kipimo kwenye pafu
Habari zenu ndugu. Niko Kampala, kitengo cha tiba ya mionzi, tunakagua programu ya kukokotoa dozi ya mionzi. Ndani ya maji, kipimo na hesabu vinapishana chini ya asilimia 1. Nikiweka kipande chepesi chenye msongamano kama wa pafu, programu inaonyesha dozi kubwa kuliko kipimo kwa asilimia 6, kwenye uga (eneo linalopigwa mionzi) wa sentimita 3 kwa 3. Nashuku algorithimu (njia ya hesabu ya programu) ni ya zamani, haihesabu vizuri elektroni zinavyosafiri mbali kwenye pafu. Au kosa liko kwenye kipimo: chemba yangu ya ioni (kifaa cha kupimia mionzi), ya sentimita za ujazo 0.6, ni kubwa mno kwa uga huo? Nianze na lipi? Mgonjwa wa pafu anaanza wiki ijayo, naogopa asije akapungukiwa dozi.