Naombeni ushauri: injini inalia lakini pikipiki haipandi, nabeba mzigo Kibosho

mpanda_mlima:
Habari zenu wakuu. Naendesha bodaboda hapa Moshi, pikipiki ya cc 150, ya mkataba, imebaki miezi minne iwe yangu. Msimu huu napandisha mabua ya mahindi kutoka tambarare kwenda Kibosho kwa wanaofuga ng'ombe wa ndani, nashuka na mikungu ya ndizi.

Wiki ya pili sasa, nikifika kwenye mwinuko nikiwa gia ya tatu, nikivuta mafuta injini inalia juu ila mwendo hauongezeki. Jana nilisimama nikasikia harufu ya kuungua upande wa kulia wa injini. Tambarare bila mzigo inakwenda vizuri tu.

Fundi mmoja, bila hata kuigusa, amesema klachi nzima imekufa, anataka elfu 90. Hesabu ya wiki hii ya tajiri, mwenye pikipiki, sijakamilisha. Nifanyeje?

fundi_majengo:
Pole mdogo wangu. Dalili ni za klachi inayoteleza, hapo hajakosea. Lakini mimi sifungui kava la mtu kabla ya kuangalia vitu viwili ambavyo havina gharama.

Zima pikipiki, uvute mkono wa klachi taratibu kwa kidole kimoja. Kabla waya haujakaza, ncha ya mkono icheze milimita 10 hadi 20. Isipocheza kabisa, waya unaziachanisha pleti muda wote, yaani zile sahani za ndani ya klachi zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye tairi; ni sawa na kutembea umeshika nusu klachi. Kata usukani kushoto na kulia mpaka mwisho uone kama unakaza kwenye kona.

Halafu niambie uliweka oili gani. Klachi ya pikipiki hizi inaoga kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi nyepesi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na pleti zinaishi kwa msuguano huohuo. Kopo liandikwe JASO MA au MA2, ndiyo alama ya oili inayofaa klachi kama hii. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta za otomatiki, irudishe dukani.

dereva_pasua:
Mimi ningeanza na cheni. Yangu ilinisumbua hivyohivyo, kumbe sproketi imeisha meno.

fundi_majengo:
Cheni ikiruka utasikia inagonga na pikipiki inashtuka. Kabureta ikiwa chafu, injini inazama, resi, yaani mzunguko wa injini, hazipandi. Huyu resi zinapanda, mwendo hakuna. Akitaka uhakika aende barabara ya TPC, kule ni tambarare. Gia ya juu kabisa, mwendo wa 40 hivi, afungue mafuta ghafla. Resi zikikimbia zenyewe, ni klachi. Asirudie rudie, kila jaribio linachoma pleti.

mpanda_mlima:
Nimerudi wakuu. Mkono haukucheza hata kidogo, niliukaza mwenyewe mwezi jana nikidhani gia zitaingia laini. Na oili nilipewa kopo la gari, nikachukua kwa kuwa lilipungua elfu tatu. Nimelegeza waya, nimemwaga oili na kuweka ya pikipiki. Bila mzigo inapanda sasa, ila nikifunga mabua bado inateleza.

fundi_majengo:
Basi pleti zimeshaungua, fungua klachi. Na ifunguliwe ukiwa umekaa hapo. Pleti za chuma ziwekwe juu ya kioo: inayocheza imepinda. Springi zilinganishwe na mpya, zilizolala ni fupi. Pitisha kidole kwenye ile nyumba inayoshika pleti, kama imechimbika utasikia makovu. Gasketi iwe mpya. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa, zikifungwa kavu zinaweza kuungua mapema. Boliti za springi zikazwe kwa kupokezana, kidogo kidogo.

mzee_wa_uru:
Kijana wangu, angalia na mkono wako. Wengi mkisimama mlimani mnashikilia nusu klachi pikipiki isirudi nyuma. Shika breki. Na mzigo upunguze, piga safari mbili. Kinachonitisha zaidi ya hiyo elfu 90 ni kushuka na ndizi: klachi ikiteleza injini inaweza isikushikilie, ukabaki na breki peke yake, na zile kona za Kibosho wakati wa tope unazijua.

mpanda_mlima:
Shikamoo mzee, nimekusikia. Tumefungua kwa fundi mwingine. Pleti mbili za chuma zimekuwa bluu kama shingo ya kanga, na zile za msuguano zimelika, zinang'aa. Nyumba ni nzima. Pleti, springi nne, gasketi na ufundi, elfu 48. Pleti nililoweka mwenyewe usiku kucha kwenye sufuria kuukuu.

Leo asubuhi nimefunga mafurushi sita badala ya tisa. Nimepanda na gia ya tatu mpaka juu, sauti na mwendo vinakwenda pamoja. Jumamosi nampelekea tajiri hesabu yake.