Mhusika anayeimbaimba jukwaani: wimbo unameza maneno yangu

Mwigizaji_Kondele
Wadau, hamjambo. Naigiza mama muuza nafaka wa soko la Kibuye, Kisumu, katika mchezo tunaozungusha mashuleni huku Nyanza na Western. Mwelekezi anataka mama huyu awe na wimbo mmoja wa pop mdomoni kutwa, na wazo lenyewe nalipenda. Watu hupima mahindi, husubiri chenji, hufagia kibanda, yote kwa kiitikio kilekile bila kujua wanaimba. Wengi hushika mstari mmoja tu, wa pili hawaujui na hawautafuti. Mimi naona vijitabia hivyo humwonyesha mtu kuliko hotuba ndefu.

Sasa msaada: (1) maneno yangu yanafuata mdundo wa wimbo, nasikika kama nakariri, (2) wimbo wenyewe haunitoki kichwani usiku, (3) mwanafunzi aliyekaa nyuma atajuaje kwamba naimba puani?

Sauti_Milimani
Nianze na la kwanza, maana ndilo linaloua maonyesho.

Pima kasi ya wimbo: hesabu mipigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Mtu mzima akitembea bila haraka hupiga hatua kama 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa kasi hiyo unakaa vizuri miguuni. Ukichagua benga inayokimbia, tembea kwa nusu ya mipigo, la sivyo mama ataonekana anafukuzwa na askari wa kaunti.

Wimbo uishie miguuni na mikononi, usifike kwenye maneno. Tembea nao dakika tatu bila kusema lolote. Zima simu, endelea na hatua zilezile. Simama, toa pumzi yote, kisha sema sentensi zako kwa kunong'ona. Vuta pumzi pale maana inapokatika. Nyimbo nyingi za pop hukata kila mipigo minne au minane, na mwigizaji akizifuata kila sentensi yake inashuka mahali pamoja.

Kosa la pili ni la silabi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuseme mama anasema, "Mahindi haya si ya kukopesha." Mkazo uko kwenye *pe*. Waimbaji huvuta silabi ya mwisho ili wajaze mpigo. Nawe ukivuta *sha*, hadhira inasikia wimbo, haisikii kwamba mteja amenyimwa. Jirekodi ukisema sentensi kumi, halafu sikiliza miisho peke yake.

Daktari_wa_Kiitikio
La usiku: kinachoganda huwa ni kipande, sana sana kiitikio, na kichwa kinakizungusha kwa sababu hakina mwisho. Usishindane nacho. Sikiliza wimbo wote mara moja, mpaka sauti ya mwisho ife. Kisha shughulisha mdomo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha mwaka 2015 kwamba kutafuna chingamu hupunguza nyimbo za namna hii, kwa kuwa misuli tunayoimbia kimoyomoyo inakuwa na kazi nyingine. Kusoma kwa sauti nako husaidia. Ila usisome sehemu yako ya mchezo, utaifunga pamoja na wimbo tena.

Jukwaa_Kakamega
La tatu. Bwalo la shule lina paa la mabati na mara nyingi hakuna maikrofoni. Wimbo wa puani hauvuki safu ya tatu, na mvua ikianza hata mwenzako jukwaani hakusikii. Uhamishie mkononi.

Muuza nafaka ana gorogoro, lile kopo la bati la kupimia. Agonge mdundo kwenye bati. Ikiwa tupu inalia kwa ukali. Ikijaa mahindi sauti inakufa. Kwa hiyo mlio wenyewe unaeleza biashara imeendaje, bila mama kutamka neno. Kucha hufika nyuma, ncha ya kidole haifiki.

Mpe tabia hiyo moja tu. Ukiongeza kukuna sikio, kulamba midomo na kurekebisha leso, hakuna itakayokumbukwa. Aigonge mara ya kwanza akiwa ametulia. Mara ya pili akatizwe katikati. Mara ya tatu mkono uende kwenye bati usigonge, na hapo watoto watajua kuna jambo hata kabla hajafungua mdomo. Na mwenzako akianza kutoa habari nzito, mkono ukome. Mlio wa bati huiba maneno ya watu.

Jingine: kama mnatoza kiingilio, kuimba wimbo wa mtu ni utumbuizaji wa hadhara na unahitaji leseni. Ulizeni KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni chama gani cha mirabaha chenye kibali kwa sasa. Wala msidhani za zamani ni bure. Hakimiliki nchini hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Nyimbo alizotunga mwanamuziki wa benga D.O. Misiani, aliyefariki 2006, zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Rahisi zaidi, mlipe mpiga gitaa awatungie kiitikio cha mipigo minane, mwandikiane.

Mwigizaji_Kondele
Asanteni sana. Gorogoro nitaichukua. Swali dogo: onyesho la dakika 50, nianze nayo ikiwa na mahindi kiasi gani?

Jukwaa_Kakamega
Anza imejaa, kama kilo mbili, na uuze mara mbili mbele ya hadhira: nusu kwanza, iliyobaki baadaye. Tandika gunia chini, mahindi yakimwagika kwenye sakafu ya simiti mtu atateleza.