Mianga ya kaskazini: twende Juni au tusubiri?

Mpigapicha wa Umoja anauliza:

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Mimi hupiga picha za harusi hapa Nairobi, na Juni mwakani mimi na mke wangu tutatimiza miaka 10 ya ndoa. Tulipooana nilimwahidi kwamba iko siku tutaenda kuiona mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayotanda angani kule Norwe. Kwa miaka mitatu sasa, kila harusi niliyopiga nimeweka kando kitu. Pesa karibu zinatosha.

Naomba ushauri wa mtu aliyefika. Tunafikiria Tromsø, mji ulio kaskazini kabisa mwa Norwe, tulale siku tatu, wiki ya pili ya Juni. Nina kamera yangu ya kazi na lenzi ya 24-70 inayofunguka hadi f/2.8. Itatosha? Na nguo za baridi ile tutazipata wapi bila kumaliza akiba? Sitaki kumpeleka mama watoto mbali hivyo halafu turudi bila kuona kitu.

Mkunga wa Zamu ya Usiku anajibu:

Kaka, hongera kwa miaka 10. Lakini tafadhali usikate tiketi ya Juni. Tromsø iko karibu nyuzi 70 kaskazini, na kuanzia takriban tarehe 20 Mei hadi 22 Julai jua halitui kabisa. Hata mianga ikiwaka juu ya vichwa vyenu hamtaiona, maana giza hakuna. Msimu ni Septemba hadi mwanzo wa Aprili. Mimi nilienda mwishoni mwa Februari, na nikijaliwa kurudi nitachagua Machi: mchana unapata mwanga wa kutembea, usiku bado ni mrefu, na mianga huchangamka zaidi karibu na zile siku za Machi na Septemba ambazo usiku na mchana hulingana.

Siku tatu ni chache. Mimi nililala tano, na tatu kati ya hizo zilikuwa mawingu matupu. Watu hukodolea macho Kp, kile kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia kinachokwenda 0 hadi 9, na wakiona 2 wanavunjika moyo. Kwa Tromsø, 2 inatosha. Adui ni wingu. Usiku wa nne mwongozaji wetu alitazama ramani ya mawingu, akatupakia kwenye basi dogo na kutupeleka mwendo wa karibu saa mbili hadi bonde la Skibotn, njia ya kwenda Ufini, ambako milima huzuia mvua za pwani. Huko anga ilikuwa wazi, na baridi ilikuwa nyuzi 17 chini ya sufuri.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya niandike. Juu ya mlima palikuwa na utepe wa kijivu, umelala kama moshi wa jikoni asubuhi. Nilijua ni wingu, nikaanza kurudi garini kupata joto. Mwongozaji akaniambia nipige picha moja tu, ya sekunde 8. Kioo cha kamera kikaja kijani kitupu! Jicho letu gizani ni dhaifu kwa rangi. Kamera inakusanya mwanga kidogo kidogo hadi rangi inajitokeza. Kwa hiyo ukiona wingu usilolielewa, lipige picha. Likitoka kijani, usiondoke.

Tuliulinda ule utepe saa nzima. Mimi ni mkunga. Kukesha nikingoja kitu kinachokuja kwa wakati wake ndiyo kazi yangu, na usiku ule niliona faida yake. Ilipokaribia saa tano ukachachamaa. Kijani nilikiona kwa macho yangu, chini yake pindo la waridi, wote ukipepea kutoka mlima hadi mlima kama leso iliyoanikwa siku ya upepo. Labda dakika sita. Mama mmoja mzee kando yangu, ambaye lugha yake sikuijua, alinishika mkono na hakuuachia mpaka mwanga ulipofifia.

Lenzi yako inafaa sana. Fungua hadi f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 hadi 3200. Utepe ukiwa mtulivu, sekunde 8 hadi 15. Ukianza kucheza shuka hadi 2 au 3, la sivyo mapindo yote yatayeyuka yawe uji. Fokasi ya otomatiki izime. Kuza nyota moja kwenye kioo, zungusha pete ya fokasi kwa mkono hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha ifunge pete hiyo kwa utepe wa gundi. Tripodi ni lazima. Betri mbili za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na kifua, maana baridi huzinyonya upesi. Na kabla ya kuingia garini, itie kamera kwenye mfuko wa plastiki uufunge. Mimi usiku wa kwanza sikufanya hivyo, lenzi ikajaa unyevu, na nilipotoka tena ukaganda.

Nguo: amka mapema uende soko la Gikomba. Jaketi nzito za theluji ziko kwenye mitumba, chagua kwa subira. La ndani kabisa liwe sufu, si pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kukugandisha. Buti nunua namba moja zaidi ili soksi mbili zienee. Waongozaji wengi pia hutoa ovaroli na buti. Uliza kabla ya kulipa.

Baba Kendi anajibu:

Nafundisha fizikia, niongeze dogo. Chembe zenye umeme hutoka kwenye jua, sumaku ya dunia inazielekeza kwenye pete kuzunguka kila ncha, na Tromsø iko chini ya pete hiyo hata usiku wa kawaida. Sisi wa Nairobi tuko nyuzi 1 tu kutoka ikweta. Kijani ni oksijeni, kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi. Lile pindo la waridi aliloliona dada ni naitrojeni, chini kidogo. Oktoba 2024 NASA ilitangaza kuwa jua limefikia kipindi cha kilele cha msukosuko wake. Usiogope kwamba umechelewa, miaka ya baada ya kilele nayo huwa na usiku mzuri mwingi.

Msafiri wa Lang'ata anajibu:

Viza ni ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Unaweza kuomba miezi 6 kabla. Usingoje hadi zibaki siku 15. Pasipoti ibebeni hata usiku wa kusaka mianga, mnaweza kuvuka Ufini. Mkitaka kufika Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo kaskazini zaidi, ombeni viza ya kuingia mara mbili, kwa maana Svalbard iko nje ya Schengen.

Mpigapicha wa Umoja:

Nimemsomea mke wangu yote. Amesema ahadi ni mianga, tarehe si kitu. Tunaenda Machi, siku sita. Wikendi ijayo mwezi hautakuwepo; nitaenda Magadi kujizoeza na nyota.

Mkunga wa Zamu ya Usiku:

Vizuri sana, kaka. Huko Magadi vaa glavu hata kama joto linakuzidi, na uzime tochi. Vidole vijue kila kitufe kabla hamjapanda ndege.