Re: Meerrettich haina ukali, matango ya chumvi yanalainika

Swali, kutoka Erfurt, Ujerumani

Wapendwa, Meerrettich (ule mzizi mweupe mkali kama haradali) ya kukwaruza nyumbani inatoka dhaifu, ilhali ya dukani inapanda mpaka puani. Na matango ya chumvi yanalainika hata wiki haijaisha. Kinachokosewa ni nini?

Jibu, kutoka Nürnberg

Dada, hapo kwanza angalia siki: mara nyingi inatiwa mapema mno. Mzizi mzima hauna harufu kali. Ukali unazaliwa unapokwaruza: seli zinapasuka, kimeng'enya kinakutana na sinigrini, kemikali iliyomo ndani ya mzizi, ndipo yanapotoka mafuta yale yanayowasha. Siki inaikata kazi hiyo. Ukiitia papo hapo unapata kitu cha upole. Ukingoja dakika 2 au 3, machozi yatakutoka. Ila usipitilize, maana mzizi hugeuka kahawia na kuwa mchungu.

Kwa gramu 200 za mzizi uliomenywa: siki ya asilimia 5 vijiko 3 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari kijiko 1 cha chai. Tumia matundu madogo ya kikwaruzo, dirisha likiwa wazi. Ukitumia blenda, usiinamie pale unapofungua mfuniko, mvuke wake unachoma macho kweli. Hifadhi kwenye friji, kwenye kichupa kilichojaa. Ukali hushuka baada ya wiki chache, kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo.

Moto nao unaua ukali. Ukipika mchuzi wake wa kulia nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, ipua sufuria kwanza, ndipo uitie. Huku Franken, eneo letu la Nürnberg, mizizi mibichi inaanza kujaa sokoni Oktoba. Wauzaji wengi wanaiita Kren. Chagua mgumu, usiokunjika.

Jibu, kutoka Cottbus

Shikamooni wakubwa. Naongezea upande wa matango, maana huku Spreewald, eneo letu linalosifika kwa matango, ndiko kwenyewe.

Nunua Einlegegurken za Julai na Agosti, zile fupi zenye vipele. Tango refu la saladi halifai. Kata milimita 2 au 3 upande ulikokuwa na ua, si wa kikonyo. Hapo ndipo penye vimeng'enya vinavyolainisha tango zima. Chumvi gramu 50 kwa lita 1 ya maji, chemsha, acha ipoe kabisa. Ikiwa moto inaua bakteria wanaochachusha. Weka bizari ya majani (Dill) kavu yenye maua, mbegu za haradali, kipande cha Meerrettich cha sentimita 5 na majani mawili ya mzabibu au ya mcheri. Majani hayo husaidia tango libaki gumu.

Kandamiza matango yasielee, mfuniko usiubane, joto nyuzi 18 hadi 22. Jikoni kukizidi 25, yatalainika tu. Maji kuwa na ukungu ni kawaida. Utando mweupe mwembamba uenguliwe. Ukiona fangasi wenye manyoya au rangi, mwaga yote. Baada ya siku 7 hadi 10, yahamishie friji.

Tahadhari, kutoka Bremen

Kaka na dada, kwenye rafu ya siki kuna chupa ya Essigessenz, siki iliyokolezwa. Ile ni asilimia 25 na inaunguza koo. Sehemu 1 changanya na maji sehemu 4, ndipo unapata siki ya asilimia 5 aliyoitaja dada wa Nürnberg. Iwekeni mbali na watoto.

Kwa wanaokula halali: Weinsauerkraut (kabichi iliyochachushwa) ina mvinyo, na kabichi nyekundu ya kopo mara nyingine ina Schweineschmalz, yaani mafuta ya nguruwe. Someni maandishi madogo ya nyuma. Neno Speck nalo ni nguruwe.