Naomba ushauri: pikipiki za zamani, Honda CG125 na Yamaha DT125, ninunue nifufue au niachane nazo?

Wakuu, salaam. Kuna mzee hapa Morogoro anauza hizo mbili, zimekaa stoo miaka. Anataka laki sita kwa zote.

CG hainitishi. Wachina waliikopi injini yake, boda nyingi zimetokana nayo, hivyo spea si shida sana. DT ndiyo roho inapenda (ule mlio jamani!), ila inachoma oili pamoja na petroli, na kiki inashuka kama haina kompresheni. Nahofia bloku imekwisha.

Kadi ya CG ina jina la kaka yake marehemu. Ya DT haionekani.

Nichukue CG tu? Na kadi ya marehemu, TRA wanahitaji nyaraka gani za mirathi kuihamisha?